Uso Uliotumwa kwa Posta

Mjane hakumkaribisha Inspekta kiti. Alisimama katikati ya ofisi ya ghorofani, mikono ameifunga kifuani, kama mtu anayemngoja fundi bomba amalize kazi aondoke na matope yake.

"Maelezo nilishatoa," alisema. "Nilimpa mwenzako, yule mwenye kitambi."

"Mwenzangu amehamishwa. Jalada ni langu tangu asubuhi hii. Itabidi tuanze upya, mama."

"Usiniite mama, sikukuzaa. Hapa naitwa Mlezi."

"Na wanafunzi wako. Mimi sijajiandikisha."

Kazini Inspekta huyu walimwita Msumari. Waliompenda walisema ni kwa sababu akishazama hang'oki. Wasiompenda, nao ndio wengi, walisema ni kwa sababu ukimkalia vibaya utaumia. Alibana kofia kwapani, akaanza kuitazama ofisi taratibu, kona hadi kona, huku mjane akimtazama yeye kama anayemtazama panya juu ya meza ya chakula.

Hapo ndipo palipokuwa makao makuu ya Darasa la Nuru. Mtu mzima yeyote aliyewahi kushika gazeti alilijua tangazo lao la ukurasa wa nyuma: Nuru Nyumbani Mwako kwa Njia ya Posta. Ulikata kipande cha tangazo, ukakituma pamoja na ada, na baada ya muda ikakufikia bahasha ya samawati yenye somo la kwanza. Hapakuwa na nyumba ya ibada wala mkutano. Sheria yao ya kwanza ilimkataza mwanafunzi kumtafuta mwanafunzi mwenzake, eti nuru ya mmoja isije ikazima ya mwingine. Kila mtu alisali chumbani kwake na bahasha yake, na kwa hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kumwuliza jirani, "Na wewe umeambiwa hivihivi?"

Ukutani palikuwa na ramani iliyochomwa pini kila mji, na pini zote zilikuwa zimeshika kutu. Chini ya ramani yalilala magunia ya posta. Msumari alilifungua moja kwa ncha ya kalamu. Bahasha zilizomo zilikuwa zimerudi, kila moja imegongwa sababu yake: amehama, hajulikani, amefariki. Juu ya meza ya kuandikia ilitundikwa picha kubwa ya mwanamume mwenye mabega mapana, ndevu zilizochanwa vizuri na macho yaliyotazama mbali, kama anayeona mvua ya kesho. Chini yake paliandikwa: Mwalimu anakuona.

Kwenye meza hiyohiyo ndiko Mwalimu alikokutwa ameanguka kifudifudi, kisogo kimepasuka. Msumari hakuwa amemwona. Picha za jalada zilionyesha kisogo na damu, basi.

"Nionyeshe ulipokuwa umesimama," alisema.

"Hapa kabatini, napanga bahasha. Mume wangu ameketi mezani. Mlango wa chini ulikuwa wazi. Yule mzee mliyemkamata stendi akapanda ngazi, hata hodi hakupiga."

"Waliwahi kuonana kabla?"

"Wapi? Mwalimu haonani na wanafunzi. Ndiyo sheria."

"Hata getini siku ile?"

"Nimesema hawakuonana! Mume wangu alikuwa humu tangu kulipokucha."

"Haya. Mzee akaingia."

"Akasimama hapo ulipo wewe. Alipomtia machoni tu, akapiga kelele: 'Mwalimu! Mwalimu, umenilia maisha yangu!' Mume wangu akageuka akimbilie dirishani. Mzee akaunyakua mhuri, akampiga nao kisogoni, akashuka mbio."

Mhuri wenyewe ulikuwa kituoni, umefungwa ndani ya mfuko. Ilikuwa mashine ya chuma ya kukandamizia nembo kwenye vyeti, nzito kama jiwe la kusagia.

"Alimjuaje?" Msumari aliuliza.

"Alimjuaje nani?"

"Mumeo. Mtu hajawahi kuonana naye, amuone mara moja tu amwite Mwalimu."

Mjane alicheka kwa pua. "Kwa picha, bwana. Kila somo lina picha yake. Kuna mwanafunzi asiyemjua Mwalimu wake?" Bila kugeuka, alielekeza kidole gumba ukutani nyuma yake.

Msumari aliyaandika maneno hayo kama yalivyotoka, akamsomea, naye akaitikia.

"Mhuri uliuosha wewe?"

"Ulitaka niache damu ya mume wangu igande?"

"Polisi walipofika walikuta mhuri umeoshwa na kukaushwa, na marehemu hajafunikwa hata kwa leso. Ulianza na chuma."

"Muuaji mnaye," mjane alisema, uso umemwiva. "Badala ya kumpeleka mahakamani, mnakuja kuninukishia soksi kwenye zulia langu. Ngazi unaijua. Shuka."

Msumari alishuka. Ng'ambo ya barabara palikuwa na fundi viatu, kibanda chake kikitazamana na geti. Huyo naye hakufurahi kuona sare, lakini alijibu huku sindano mbili zimebanwa midomoni.

"Nilimsikia mzee mwenye fimbo akimfokea mtu getini. Alimwita mbwa. Fimbo aliinyanyua hivi, nikasema leo kutakuwa na msiba."

"Alimfokea nani?"

"Yule mwenye ufagio. Hufagia pale kila siku. Kibarua wao, nadhani, maana hana salamu."

"Mzee akaingia ndani?"

"Aliondoka akishika njia ya stendi. Kama alirudi, sijui. Nilikuwa na kiatu cha mwanamke mkali."

Msumari alisimama palepale akapekua jalada. Ndani ya kurasa zote hapakuwa na mtu mwenye ufagio. Mjane hakumtaja, mwenzake mwenye kitambi hakumwuliza. Mtu anayefagia geti kila siku, halafu tajiri wake anauawa, naye haonekani tena. Alitia mstari mzito chini ya neno moja: mfagiaji.

*

Kwenye korido ya kituo alizuiwa na mwanamke mwenye mkoba mkubwa.

"Wewe ndiye mkubwa wao sasa? Mimi ni binti wa yule mzee mliyemfungia. Baba yangu hajawahi kuua hata jogoo. Kila jogoo wa nyumbani kwetu alizeeka akafa mwenyewe."

"Dada, nipishe nikazungumze naye."

"Kazungumze! Usipopata jibu la Kiswahili cha watu, usishangae. Zile bahasha zimemla kichwa. Nilimwambia, mama kabla hajafa alimwambia, hata watoto wangu walimwambia. Anatuangalia kama kuku. Lakini mjinga si muuaji, afande. Mkimnyonga baba yangu kwa ujinga, mjiandae kunyonga mji mzima."

Mkuu wa Kituo alichungulia kutoka ofisini kwake. "Msumari! Gari la mahakamani linaondoka mchana huu. Mzee awemo."

"Kuna mfagiaji hajatafutwa, afande."

"Kuna shahidi aliyeona kwa macho yake. Gari halimngojei mfagiaji."

Mzee alikuwa dereva wa treni mstaafu. Alikaa kwenye benchi la chumba cha mahojiano mgongo wima, macho mbele, kama bado anaitazama reli. Msumari alipovuta kiti, hakugeuka.

"Nilishasema sizungumzi na polisi," alisema. "Mwalimu akija atasema yeye."

"Mwalimu atakuja?"

"Ananiona. Anajua niko hapa."

"Unajua umekamatwa kwa nini, mzee?"

"Mnasema nimeua mtu. Yule wa getini, kwani nani mwingine? Nilimtukana, ndiyo. Fimbo niliinyanyua, ndiyo. Sikumgusa. Kama amekufa, basi amekufa na ufidhuli wake."

Kalamu ya Msumari ilisimama. Askari aliyekuwa mlangoni alizungusha kidole kando ya sikio kuonyesha kwamba mzee akili hazimo. Msumari alimfukuza kwa jicho.

"Alikukosea nini huyo wa getini?"

Hapo mzee aligeuka. "Mimi nimemaliza masomo yote. Daraja zote! Unajua ni wangapi wamemaliza? Watu huanza wakachoka, huanza wakaoa, huanza wakafa. Somo la mwisho linasema: Sasa inuka uje. Nikainuka, nikaja. Nafika getini, bawabu ananipa kikombe cha maji, ananitazama kama mtu anayetazama mgonjwa, ananiambia, 'Mzee, rudi nyumbani. Hapa hakuna Mwalimu. Hakuwahi kuwapo.' Mfagia geti huyo! Ananiambia mimi!"

"Ukamwita mbwa."

"Nilimwonea mbwa."

"Yukoje?"

"Mfupi. Masikio kama milango ya gari iliyosahauliwa wazi. Jino la mbele limekatika."

"Na ghorofani hukupanda?"

"Wewe una akili?" mzee alifoka. "Ningepanda ningekuwa hapa na wewe? Ningekuwa na Mwalimu."

Mkuu wa Kituo, aliyesikiliza nyuma ya mlango, alimvuta Msumari koridoni. "Anajifanya chizi. Ameua, sasa anauliza aliyekufa ni nani. Mbinu ya zamani hiyo."

"Huenda," alisema Msumari. "Nipe mpaka gari litakapowashwa."

Alipiga simu hospitali kuulizia picha ya uso wa marehemu, ambayo mwenzake hakuona haja ya kuichukua. Wakati akiingoja, alituma askari wawili waende na wasifu wa mfagiaji: mfupi, masikio makubwa, jino limekatika. Waanzie stendi.

Picha ilipofika, aliitazama, kisha akatoka nje kuwaita askari wake warudi. Mfagiaji waliyekuwa wakimtafuta alikuwa chumba cha maiti tangu siku ya mauaji. Alikuwa na masikio yaleyale na jino lilelile, na kwenye fomu ya hospitali ya kuutambua mwili mjane alikuwa ameandika na kuweka sahihi: mume wangu.

*

Mpiga chapa aliyewachapia masomo tangu mwanzo aliitwa na watu Wino. Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko, mashine moja inanguruma, kamba za kuanikia karatasi zimekatiza chumba kizima, ikabidi Msumari aingie ameinama. Wino hakuzima mashine.

"Kama ni habari za wale, nilishaacha kuwachapia upuuzi wao," alisema kwa kupaza sauti. "Nakwambia mapema usipoteze mate."

Msumari alizima mashine mwenyewe. Alitandaza picha mbili juu ya meza yenye madoa: ile ya hospitali, na somo moja la Darasa la Nuru, lenye uso wa ndevu na macho ya mbali.

"Huyu ni nani, na huyu ni nani?"

Wino aliinama. Kicheko kilichomtoka kiligeuka kikohozi, kikohozi kikageuka matusi.

"Huyu mfupi ndiye Mwalimu, maskini. Huyo mwenye ndevu ni miwani."

"Miwani?"

"Tangazo la duka la miwani. Sikiliza. Mwanzoni tulichapa uso wa mwenyewe. Hata mbuzi hakujibu. Nani akubali kuonyeshwa mbingu na mtu mwenye masikio yale? Mkewe ndiye mwenye akili. Akaja hapa, akapekua rafu, akakuta picha ya tangazo ambalo mwenye duka alishafilisika. Akasema, 'Huyu.' Tukafuta miwani, tukachora ndevu. Haikupita muda, posta wakawa wanawaletea barua kwa mkokoteni. Nyumba ikajaa wasichana wa kubandika stempu, ndimi zao zimekauka kwa gundi. Waziri aliwahi kuandika kuomba somo la kufuta maadui. Alitumiwa, na maadui wakamfuta yeye."

"Mume hakusema kitu?"

"Mume aliandika. Aliandika vizuri, lazima niseme kweli. Lakini kwenye nyumba yake mwenyewe hakuonekana, maana angeonekana wangekwisha. Hata tarishi alidhani ni mtumishi. Halafu wakaja wahubiri wa redioni, kisha wa kwenye simu. Siku hizi mtu akitaka muujiza anabonyeza kidole, hangoji bahasha. Wanafunzi wakazeeka, bahasha zikaanza kurudi. Yeye akaweka kalamu chini, akashika ufagio. Mwanafunzi akifika getini, anamwambia rudi nyumbani."

"Na wewe? Nasikia mligombana."

"Nilimwambia asiponilipa kwa kazi ya mwisho nitamvunja mguu. Mguu, si kichwa. Siku aliyokufa nilikuwa hapahapa na bwana harusi ananisimamia kadi zake kama askari jela. Kamuulize." Wino alipangusa mikono kwenye aproni. "Mwenye hasira ya kweli alikuwa mkewe. Alikuja akakaa kwenye kiti hicho. Alisema, 'Wino, anaibomoa nyumba nikiwa ndani.'"

*

Mjane aliitwa kituoni kwa maelezo kwamba imebaki sahihi. Alikuja na kitambaa cheusi kichwani, akaketi mbele ya Mkuu wa Kituo kama mteja mkubwa wa benki.

"Nikishaweka sahihi nisisumbuliwe tena," alisema.

"Tusome kwanza," alisema Msumari. "'Hawakuwahi kuonana. Alipomtia machoni tu akapiga kelele, Mwalimu.' Ni maneno yako?"

"Yangu."

"'Alimjua kwa picha iliyo kwenye kila somo.' Nalo lako?"

"Kiswahili hukielewi? Langu!"

Alisaini kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Msumari alifungua mlango, mzee akaingizwa. Mezani mbele yake alipanga picha kadhaa za wanaume: askari wawili wastaafu, mpishi wa kituo, marehemu, na uso wa ndevu uliokatwa kutoka kwenye somo.

"Mzee, nimekusumbua vya kutosha. Tuonyeshe Mwalimu ni yupi, basi."

Mzee hakusita. Aliweka kiganja kando ya ule uso wa ndevu, si juu yake, asije akauchafua. "Huyu," alisema, na sauti yake ililainika kwa mara ya kwanza. "Mmemleta?"

"Na huyu?"

Mzee aliitupia jicho picha ya marehemu. "Huyo si bawabu? Mara ngapi nikuambie? Yule fidhuli."

Mkuu wa Kituo aliegemea mbele. Aliitazama karatasi iliyotoboka, akautazama uso wa ndevu, akamtazama mjane.

"Bibi," alisema polepole, "kwenye hizi picha, mumeo ni yupi?"

Mjane alifungua mdomo kujibu kwa ukali wake wa kawaida. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kuinuka kuelekea uso wa ndevu, kama ulivyozoea. Aliurudisha mapajani.

"Umeuuza uso huu mpaka ukauamini," alisema Msumari. "Huyu mzee angekutana na mumeo mezani angemwomba ampeleke kwa Mwalimu. Asingemwita Mwalimu. Hakuna mwanafunzi chini ya jua ambaye angemwita. Mtu pekee aliyemjua Mwalimu ndani ya nyumba ile ni wewe, na wewe ndiye uliyeosha chuma."

"Mwalimu!" Mjane alilitema neno hilo. "Mwalimu wa nini? Jina nililitafuta mimi. Sura niliitafuta mimi. Rangi ya bahasha niliichagua mimi! Yeye alijua kuandika tu, na mwisho hata hicho kikamshinda. Mtu amepanda basi kutoka alikotoka, ameleta imani yake yote mpaka mlangoni, yeye anamwambia rudi. Kila anayekuja, rudi! Nilikuwa dirishani, nikasikia. 'Hakuwahi kuwapo,' anasema. Miaka yote hiyo mimi nimeishi na nani, kama hakuwapo?" Alimgeukia mzee. "Na wewe acha kukodoa macho! Hiyo ni picha ya duka la miwani, mzee mjinga. Mwalimu wako ndiye uliyemwita mbwa."

Askari walimwinua. Aliwasukuma, akatembea mwenyewe, na mpaka mwisho wa korido alikuwa bado anawaambia wasimguse kitambaa.

Mkuu wa Kituo alisafisha koo. "Mzee hapandi gari," alisema, akaanza kutafuta kitu kwenye droo isiyokuwa na kitu.

Dereva wa treni hakuonekana kusikia. Aliivuta picha ya marehemu karibu, akaifunika masikio kwa vidole viwili, akaifunua tena.

"Alikufa saa ngapi?" aliuliza. "Kabla sijafika stendi, au baada?"

"Alipanda juu ulipoondoka tu," alisema Msumari. "Mkewe alikuwa anamngoja."

"Kwa sababu ya yale aliyoniambia."

"Kwa sababu ya hayo."

Mzee aliuliza kama anaweza kuichukua picha. Msumari akamwambia hapana, ni ya jalada. "Basi ingekuwa heri mngenipeleka tu," mzee alisema kwa chuki iliyonyooka. "Ningekwenda na Mwalimu wangu akiwa hai." Aliirudisha picha mezani, uso juu, akaisukuma kidogo iwe sawa na zile nyingine.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Binti yake alikuwa ameshaambiwa koridoni kwamba baba ameachiwa, lakini hakuja kushukuru mtu. Alimwangalia baba yake kuanzia viatu mpaka kichwani kuhakikisha hajapigwa, kisha hasira zikarudi mahali pake.

"Haya, baba. Umetuaibisha, umetutembeza vituo vya polisi. Umemwona huyo Mwalimu wako?"

Mzee alishika fimbo, akajiinua taratibu. Msumari alinyoosha mkono kumsaidia, naye akaupiga kando.

"Nimemwona," alisema.

"Ehe? Amesema nini?"

"Amesema nirudi nyumbani."

"Nyumbani! Si ndilo nililokuwa nakuambia mimi siku zote?"

"Wewe si Mwalimu," mzee akajibu, akatangulia kutoka.